Siku Hizi Mzee Hakosei

Hamisa alianza kumshuku mama yake wa kambo siku ambayo baba yake alimuuliza habari za magoti bila kukosea neno hata moja.

Huenda wewe ukaona hilo si jambo. Mzee anayekaribia miaka tisini anamuuliza bintiye hali ya magoti, binti anajibu, chai inaletwa, siku inapita. Lakini wewe hukulelewa na Mwinjuma. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Hamisa alikuwa ameumwa tangu utotoni.

Mwinjuma alikuwa muigizaji. Alianza kabla ya Uhuru, kijana wa Kizaramo kutoka Msimbu aliyekwenda Dar es Salaam kutafuta kazi ya bandarini akaishia kwenye kikundi cha michezo pale Ilala. Ufundi wenyewe aliondoka nao nyumbani, maana aliupata misibani. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na mtu akifa, mtani wake huvaa nguo za marehemu, akatembea mwendo wake, akakohoa kikohozi chake, mpaka wafiwa wanacheka katikati ya kilio. Mwinjuma alimwiga maiti mmoja wa Kinyamwezi vizuri hata mjane akamfukuza na mwiko.

Pamoja na ufundi wote huo, hakupata kuwa mtu mkuu wa mchezo hata siku moja. Mtu mkuu alitakiwa awe na mabega na meno, na Mwinjuma alikuwa na uso mrefu na masikio yaliyomtangulia mlangoni. Akapewa makombo: karani mla rushwa, mganga wa uongo, mjomba mchoyo, askari anayesinzia lindoni. Wakaja na watu wa sinema, wale waliopiga filamu fupi za kuwafundisha wananchi kuchemsha maji ya kunywa, na kila palipotakiwa mtu wa kukataa kuchemsha maji, aliitwa Mwinjuma. Alikufa kwa kuhara mbele ya nchi nzima. Gari la sinema lilizunguka naye vijijini, likitundika shuka jeupe uwanjani, na watu wakamjua uso bila kumjua jina.

Gari hilo lilifika mpaka Msimbu. Baba mkwe wake, ambaye hakuwa ameona sinema maishani mwake, akamwona mkwewe kwenye shuka akimchapa mke na kuuza mbuzi wa watoto. Aliondoka hapo uwanjani moja kwa moja kwenda kumchukua binti yake. Wazee walihangaika kumweleza kuwa yule mke wa kwenye shuka ni mtu mwingine na mbuzi ni wa kuazima. Mwishowe alikubali binti arudi kwa mumewe, lakini akasema mtu hawezi kuyajua mambo yale vizuri namna ile kama hayamo ndani yake. Binti huyo ndiye mama yake Hamisa, na neno lile Hamisa alilinyonya pamoja na maziwa.

Nyumbani Mwinjuma aliendelea na kazi. Akiitwa kwenye kikao asichokitaka, alizimia. Akitumwa kuni, alichechemea. Siku moja alijilaza sebuleni akafa, akakaa amekufa mpaka mkewe akapiga ukunga na majirani wakaingia, ndipo akainuka kuuliza nani kalia zaidi. Majirani walicheka mpaka wakakaa chini. Mkewe hakucheka, na Hamisa, aliyekuwa hajaanza hata shule, alikaa na homa siku kadhaa.

Tangu hapo alijifunza namna ya kumsoma baba yake. Uso wake hakuuamini, machozi yake hakuyaamini, aliamini pale anapokosea tu. Mwinjuma akisema la moyoni, maneno yalimponyoka. Siku ya kumwoza Hamisa alisema "nani hii, nani hii" mpaka shehe akamsaidia kumaliza sentensi. Mkewe alipofariki, alisimama kaburini akashindwa kulitaja jina la marehemu. Lakini akisema uongo, maneno yalimtoka yamenyooka, kila moja na pumzi yake.

Na sasa ghafla mzee hakosei.

Hamisa alikuwa na duka la sabuni na masufuria Visiga, barabara ya Morogoro, na kila baada ya wiki mbili alilifunga, akashuka Kiluvya na kukata kwa bodaboda mpaka Msimbu kumwona baba yake. Huko mzee aliishi na Mwanne, mke aliyemwoa baada ya msiba, mwanamke mpole, mwembamba, asiyesema sana. Hamisa hakuwahi kumpenda wala kumchukia. Ila alikuwa na mashaka na watu wasiosema sana.

"Mwanangu Hamisa," alisema mzee siku hiyo, amekaa barazani na kofia yake ya vito, "magoti yanaendeleaje? Na duka je, wateja wapo?"

"Wapo, baba. Magoti yalishapona. Siku hizi ni bega."

"Alhamdulillahi. Usibebe mizigo mizito. Wewe ndiye mkubwa, wadogo zako wanakutegemea."

Maneno mazuri. Tatizo ni kwamba aliyasema wiki mbili nyuma, hayo hayo, kwa mpangilio huo huo, na kabla ya hapo pia. Hamisa akamtazama mzee, mzee akamtazama Mwanne, na Mwanne akaangalia vidole vyake vya miguu.

"Baba, unamkumbuka yule mbuzi wa kwenye sinema?" Hamisa aliuliza kumjaribu.

Mzee akacheka. Kilikuwa kicheko kizuri, kirefu kiasi chake. Lakini kabla ya kucheka macho yake yalikwenda tena kwa Mwanne, na Mwanne alikuwa ametabasamu kwanza.

Njia nzima Hamisa aliwaza limbwata. Alikuwa mtu wa msikitini, mambo hayo hakuyapenda kuyasema kwa sauti, lakini alishaona wanaume wakilishwa vitu kwenye chakula wakageuka makuti, wanacheka wakichekewa na wanasimama wakisimamishwa. Tena palikuwa na Kwala. Mzee alikuwa na shamba alilorithi kule, pori tupu ambalo zamani hakuna aliyeliulizia. Tangu ije bandari kavu na viwanda, ndugu ambao hata mazikoni hawakuonekana walianza kupiga simu kuulizia afya ya mzee. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea Hamisa, na nguo ya karibu zaidi ni mke.

Kulikuwa na jambo jingine. Mwanne alikuwa amemwomba apige simu kabla ya kuja. "Ili nikupikie, Mama Ashrafu," alisema. Hamisa alimpa maneno hayo tafsiri yake, na safari iliyofuata hakupiga simu.

Alifika asubuhi. Mwanne alimkuta uani, akashtuka waziwazi, akamwekea kigoda chini ya mnazi na kumwambia baba anaoga, angoje kidogo. Kisha akaingia ndani haraka na kufunga mlango. Hamisa alisikiliza maji, hakusikia maji. Akainuka, akavua kandambili, akaenda kusimama nyuma ya nyumba kwenye dirisha la chumba. Ndiyo, alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, na alisimama ukutani akitega sikio. Hakuona haya hata kidogo.

"Sema tena," ilikuwa sauti ya Mwanne. "Polepole. Usikosee hapo, atashtuka."

Mzee akanong'ona kitu kisichosikika.

"Siyo Kwala. Kwala usiitaje kabisa. Akiitaja yeye, wewe cheka."

Hamisa alirudi kwenye kigoda, akavaa kandambili zake. Alipoitwa barazani, mzee aliinua uso mrefu uliojaa furaha. "Mwanangu Hamisa," alisema, "magoti yanaendeleaje?"

Alijibu kuwa hayajambo. Chai hakuinywa, alimwaga kidogo kidogo kwenye maua Mwanne alipogeuka. Jioni hiyo alimpigia mdogo wake Abdulkadiri, akamwambia aite kikao cha ukoo Jumapili ya wiki inayofuata. Baba anahamia Visiga, na yule mwanamke ataeleza mbele ya watu anamfundisha mume wake kusema nini. Abdulkadiri aliuliza ana ushahidi gani. Hamisa alisema ushahidi utakuwepo.

Ushahidi alikwenda kuutafuta Mailimoja, kwa mzee Leodegar.

Leodegar alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, Mkatoliki, mdogo kwa Mwinjuma kwa miaka michache. Katika kikundi cha Ilala hakuwahi kupanda jukwaani. Kazi yake ilikuwa kukaa nyuma ya pazia na kumnong'onezea aliyesahau maneno. Tena alikuwa mtani wa Mwinjuma, na utani wao ulikuwa wa kuwakimbiza wageni. Kila Leodegar alipokanyaga Msimbu, Mwinjuma alimpokea kwa mguno wa bwana mkubwa: "Mtumwa wangu, umefika? Weka mzigo chini." Leodegar naye alimjibu kwamba mtumwa ni yeye, babu zake walinunuliwa kwa chumvi na wauzaji wakadai wamepunjwa. Wakishamaliza hayo ndipo hukumbatiana. Hakuna aliyepata kuwasikia wakiamkiana kama watu wengine.

"Shikamoo, baba," Hamisa alimwambia.

"Marahaba. Mzaramo mwenye adabu! Kumbe kweli dunia inakwisha." Kisha alimwona uso, akaacha mzaha. Hamisa alimweleza yote. Leodegar alisikiliza akiwa amefumba macho, kama alivyozoea kukaa gizani kusikiliza wengine wakisema.

"Unataka nini kwangu?"

"Unijulie kama anaigiza."

"Mimi nimekaa nyuma ya mgongo wa baba yako tangu ujana. Akidanganya, najua kabla yeye hajajua. Twende tu. Lakini, binti, ukishajua usije ukanilaumu."

Walikwenda Alhamisi, kwa gari la kukodi, kwa sababu ya mgongo wa Leodegar. Safari hii Hamisa alipiga simu, akasema anakuja, ila hakusema anakuja na nani. Mtego usiofichwa haunasi.

Mzee alikuwa barazani, amevaa kanzu safi. "Mwanangu Hamisa," alianza, "magoti yanaendele..." na hapo Leodegar akatokea nyuma ya gari, kofia kichwani, fimbo mkononi, akipiga kelele kwa sauti ya msibani.

"Huyu mtumwa wangu bado hajafa? Nimetoka Mailimoja na mgongo wangu mbovu kuja kuzika, nakuta maiti imekaa kitini inakunywa chai! Wazaramo hata kufa mnachelewa?"

Mwanne, aliyekuwa mlangoni na sinia, alisimama papo hapo. Hamisa hakumtazama mzee. Alimtazama Mwanne, akitaka kuona hila inavyoanguka. Aliona hofu usoni pake. Moyo wake ukaruka kwa ushindi.

Mwinjuma aliinuka. Alishika mkono wa kiti, akajikokota akasimama, akavua kofia yake ya vito na kuishika kifuani kwa mikono miwili.

"Shikamoo, bwana," alimwambia Leodegar.

Leodegar alibaki ameinua fimbo, kisha fimbo ikashuka yenyewe. Mzee alikuwa bado ameinama kidogo, akisubiri aitikiwe, kwa woga wa mtu aliyetukanwa na mkubwa asiyemjua.

"Mtu amesahau maneno," alisema Leodegar taratibu, na haikujulikana anamwambia nani. Akapanda barazani, akapita nyuma ya Mwinjuma, akamkaribia sikio. Wote walimsikia akinong'ona: "Mtumwa wangu, umefika? Weka mzigo chini."

Mgongo wa mzee ukanyooka. Kofia ikarudi kichwani, kidevu kikapanda, na sauti ikatoka nzito, yenye dharau tamu, ile ile iliyowahi kujaza kumbi. "Mtumwa wangu, umefika? Weka mzigo chini!"

Kisha akageuza shingo kidogo, kwa nyuma, akingoja la pili.

Leodegar hakuweza kumpa la pili. Alikwenda kukaa kwenye gari, akamwambia dereva azime redio. Hamisa aligeuka kumtazama Mwanne, na ndipo alipoiona midomo ya Mwanne: ilikuwa bado wazi, imetulia kwenye "weka mzigo chini", maana naye alikuwa akimnong'onezea mumewe kutoka mlangoni.

Jikoni Mwanne hakulia. Aliweka sinia chini, akapanga vikombe ambavyo tayari vilikuwa vimepangika.

"Ilianza mwaka juzi," alisema. "Alitoka kwenda msikitini akarudi na ndoo ya mtu. Tulikwenda hospitali, wakatuambia ni uzee wa kichwa, hauna dawa. Alikuwa bado ana akili yake wakati ule, anakuja na kutoka. Akaniapisha nisikwambie."

"Mimi? Mimi mtoto wake nisiambiwe?"

"Wewe hasa. Alisema, 'Hamisa nimemchezea tangu mdogo. Nikimwambia naumwa atadhani naigiza ugonjwa, nami siwezi kulibeba hilo. Afadhali niigize uzima.' Basi nikawa namfundisha. Asubuhi ukitaka kuja nampa jina lako, duka, magoti. Bega ni kosa langu, nilisahau kumbadilishia."

"Na Kwala?"

"Kwala anadhani baba yake bado yuko huko analima. Akianza hilo analia, anataka apelekwe akamsaidie kufukuza ngedere. Sikutaka umwone hivyo."

Hamisa alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Alikuwa amemwaga chai ya mwanamke huyu kwenye maua. Alikuwa amemwandalia kikao. Alitaka kusema maneno mengi na yote yalikuwa mabovu. Akatoa simu, akampigia Abdulkadiri mbele ya Mwanne, akamwambia hakuna kikao, na kwamba yeyote mwenye neno na mama yao mdogo aanze kwake. Abdulkadiri akauliza ushahidi umekwenda wapi. Hamisa akakata simu.

"Samehe, mama mdogo," alisema.

"Mimi ningekuwa wewe ningeleta polisi," alisema Mwanne, na ilikuwa mara ya kwanza Hamisa kusikia mzaha kinywani mwake.

Alirudi barazani peke yake. Mzee alikuwa amekaa tena, mikono magotini, akimwangalia Leodegar ndani ya gari.

"Yule bwana wa kofia amenikasirikia?"

"Hajakasirika."

"Nimekosea wapi?" Aliuliza kwa unyenyekevu, kama fundi aliyerudishiwa nguo.

"Pale mwanzo. Ulimwamkia. Yule haamkiwi."

"Ah. Sikuambiwa kama atakuwemo."

Hamisa alivuta kigoda, akakaa karibu, magoti yao yakagusana. "Mimi unanijua?"

Macho ya mzee yalikwenda mlangoni. Mwanne hakuwepo. "Unataka kweli?"

"Nataka kweli."

"Sikujui, mama. Naambiwa una duka. Naambiwa huwa unafika na roho nzito, na nikikujua unaondoka nayo nyepesi. Basi nakujua."

Machozi yalimtoka Hamisa, akayaacha yashuke. Mzee aliyatazama kwa makini, bila haraka. Halafu akamsogelea na kushusha sauti, wakawa watu wawili wa kazi moja.

"Nisaidie kitu. Yule mama ni mwema, maneno ananipa, lakini mtu mwenyewe hanipi. Huyu baba wa Hamisa alikuwa mtu wa namna gani?"

"Alikuwa mwongo."

"Mwongo mbaya?"

"Wa kuchekesha. Watu walicheka."

"Na Hamisa alicheka?"

"Hamisa alikuwa anamchunguza."

"Akitafuta nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo, hata marehemu mume wake. Alijibu kwa shida. "Kama anampenda."

"Akakuta?"

"Hakukuta. Kila akitaka kuamini, aliona anachezewa."

Mzee alifikiri. Alifikiri muda mrefu, vidole vikitembea kwenye ukingo wa kanzu, hata Hamisa akadhani swali limeshampotea. Halikuwa limempotea.

"Hapo lazima nichague," alisema. "Huwezi kusimama mbele ya mtu hujui kama unampenda au humpendi, utakosea kila kitu. Tuseme alimpenda. Alimpenda sana, ila hakuwa na maneno yake. Niicheze hivyo, au unaona nitaharibu?"

Hamisa alisema haharibu kitu, aicheze hivyo hivyo. Kisha akaenda kumwambia Leodegar arudi na gari, maana yeye atalala Msimbu.